Pima Kwanza, Nunua Baadaye

(Hotuba hii ilitolewa Jumamosi asubuhi mbele ya wenye magari, wengi wao wa Vitz, IST na Noah. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wasiofika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.)

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za asubuhi.

Naanza na swali. Nani hapa amebadilisha betri ndani ya miaka miwili iliyopita? Inueni mikono nione. Naam, karibu nusu ya ukumbi. Msishushe bado. Sasa ashushe mkono yule ambaye hakuipima betri ya zamani kabla ya kuitoa.

Mnaona wenyewe. Imebaki mikono mitatu, na mmoja naona ni wa fundi.

Hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea. Kifaa kilichokufa lazima kinunuliwe, hilo halina ubishi. Kinachouma ni kifaa kizima tunachokitoa na kukitupa, huku ugonjwa wenyewe umebaki umelala ndani ya gari. Leo neno langu ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: pima kwanza, nunua baadaye.

Hiki kidude cha njano ni mita ya umeme, ile ile wanayotumia mafundi redio. Ya bei ya chini kabisa inatosha. Zungusha kitufe mpaka kwenye V yenye mstari ulionyooka, kwenye alama ya 20. Ncha nyekundu iguse chanya ya betri, nyeusi iguse hasi. Soma. Nani anasema kazi hiyo inahitaji cheti?

Tuanze na asubuhi. Saa kumi na mbili, watoto wako kiti cha nyuma na sare zao, unazungusha ufunguo. Gari haliwaki. Swali langu: limesema nini? Maana gari lisilowaka huwa linasema, tatizo sisi tunakimbilia simu kabla hatujalisikiliza.

Likisema tik-tik-tik-tik-tik, haraka haraka kama cherehani, umeme hautoshi. Solenoidi, ile swichi ya sumaku ya staata (mota inayoizungusha injini), inavuta, volti zinaanguka kwa uzito wa kazi, inaachia, volti zinarudi, inavuta tena. Hapo mshitakiwa ni betri au njia ya umeme kutoka kwenye betri. Zingatieni hilo la pili, tutalirudia.

Likisema tak, mara moja tu, na taa za dashibodi hazikufifia, basi betri ina nguvu ila staata haizunguki. Kwenye magari mengi ya Toyota yaliyokwisha tembea sana, vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimelika. Muulize fundi wa staata kama anavibadilisha vyenyewe, kwa sababu kwenye staata nyingi vinauzwa peke yake. Huna haja ya kununua staata nzima ya mtumba ambayo nayo shaba zake huzijui.

Likikaa kimya kabisa, wakati taa zinawaka vizuri, kanyaga breki, toa gia kwenye P uweke N, jaribu tena. Likiwaka, swichi ya gia imechoka. Likikataa, fungua boksi la fyuzi, tafuta rilei ya staata (swichi ndogo ya umeme), uibadilishane nafasi na nyingine yenye namba ile ile, mara nyingi ile ya honi. Dakika mbili, na hujatoa hata shilingi.

Na likizungusha vizuri kwa nguvu ila haliwaki? Hapo betri haina kesi. Iacheni. Ni mafuta au ni moto wa plagi. Na samahanini, ila nalisema kila mahali: angalieni geji ya mafuta kwanza.

Sasa namba. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4, ina kama robo tatu. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikisoma 12.0, iko hoi. Kisha mwenzako azungushe ufunguo wewe ukiwa unaangalia mita: volti zitashuka, ni kawaida, ila zisiende chini ya 9.6. Betri iliyosoma 12.6 ikilala na ikaanguka hadi 7 staata ilipoanza kuvuta, hiyo imekufa ndani, na hapo kanunue bila majuto. Umepima.

Niwape kisa, na mtaniambia kama hamjawahi kukiona mtaani kwenu. Dada mmoja ana IST. Asubuhi inamlilia tik-tik-tik. Fundi anakuja, anasema betri imekwisha, inawekwa mpya, gari linawaka kama jana limetoka melini. Baada ya wiki tatu, tik-tik-tik. Anarudi dukani na hasira zake, anabadilishiwa kwa garantii. Linawaka tena vizuri! Wiki tatu nyingine, tik-tik-tik. Sasa anaambiwa altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiunguruma.

Betri zote tatu zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye kichwa cha waya wa hasi, kile kinachokumbatia nguzo ya betri. Ndani yake kulikuwa na ule unga mweupe wa kijani, na unga huo haupitishi umeme mwingi. Taa ndogo zitawaka, redio itaimba, lakini staata inayotaka ampea mia na zaidi kwa mara moja itanyimwa. Na kwa nini betri mpya ilitibu? Kwa sababu kila betri ilipobadilishwa, kichwa kile kilivuliwa, kikasuguliwa kidogo na kukazwa upya. Aliuziwa betri, kumbe kilichomponya ni mkono wa fundi kukizungusha kichwa cha waya.

Kipimo cha kumwokoa kilikuwa hiki. Ncha moja ya mita iguse nguzo yenyewe ya risasi, katikati. Ncha ya pili iguse kichwa cha waya kilichoikumbatia. Viwili hivyo vimegusana, si ndiyo? Kwa hiyo mwenzako akizungusha ufunguo, mita isome karibu na sifuri. Ikizidi 0.2, safisha. Ikizidi 0.5, umekwisha mkamata mwizi. Rudia upande wa chanya. Kisha pima kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye chuma tupu cha injini, maana waya wa ethi, ule unaounganisha hasi na injini, nao huoza, hasa magari yanayolala karibu na bahari.

Kusafisha: spana namba 10. Vua hasi kwanza, chanya baadaye. Kwa nini? Kwa sababu ukianza na chanya wakati hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi tu, moto unaruka na mkono wako uko hapo hapo. Kijiko kimoja cha chakula cha baking soda kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, mimina pole pole juu ya unga, itatoa povu. Suuza, kausha, sugua ndani ya kichwa na nje ya nguzo kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, kisha paka vaselini juu. Juu, baada ya kukaza. Ukiipaka ndani kwa wingi kabla hujakaza, umejiwekea kizuizi kingine.

Gari likiwa linaunguruma, rudisha mita kwenye betri. Isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na kiyoyozi. Ikibaki juu ya 13.5, altaneta iko salama. Ikisoma 12 na kitu na kuendelea kushuka, angalia mkanda kwanza, kisha altaneta. Ikizidi 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za altaneta, imekufa na betri inapikwa. Yapo magari ya miaka ya karibuni ambayo kompyuta yake inapunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo ukiona 12.8 kwenye gari la namna hiyo, washa taa kubwa upime tena kabla ya kuihukumu altaneta.

Na hapa naomba nipaze sauti. Kuna ile tabia ya kuvua kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma, eti "tuone kama altaneta inachaji". Msikubali. Narudia: msikubali. Betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya umeme wa altaneta. Ukiivua ghafla, volti zinaruka juu, na kinachoungua ni kompyuta ya injini au altaneta yenyewe uliyotaka kuipima. Mzee wa Peugeot ya miaka ya sabini alifanya hivyo akapona, kweli, maana gari lile halikuwa na kompyuta.

Kama mita inasema betri nzima, altaneta nzima, vichwa safi, na bado asubuhi betri imekauka, kuna kitu kinanyonya usiku. Gari lililofungwa linaruhusiwa kunywa kama miliampea 50. Alamu iliyofungwa vibaya au redio isiyolala inaweza kunywa miliampea 500, ambayo ni ampea-saa 12 kwa siku. Betri ya Vitz ya ampea-saa 40 hivi haifiki Jumatatu ukiiacha Ijumaa jioni. Anzeni na vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Mara nyingi ni hivyo.

Na kubusti, yaani kuliwasha gari kwa betri ya gari jingine, kwa kifupi: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Cheche ya mwisho ikitokea, itokee mbali na ile gesi inayotoka kwenye betri. Kuvua, rudi nyuma kwa mpangilio huo huo.

Sasa twende kwenye joto. Hili linaua injini, betri inakuchelewesha kazini tu.

Fikirieni Noah moja, watu saba na mizigo, inatoka Dar kwenda Iringa. Foleni ya Kimara imepita salama. Morogoro salama, Mikumi salama, Ruaha Mbuyuni wamenunua vitunguu. Inaanza kupanda Kitonga, na katikati ya mlima joto linapanda. Dereva anajiuliza: mbona kwenye foleni haikuchemsha?

Swali zuri sana, na jibu lake ndilo kipimo chenyewe. Gari likichemsha kwenye foleni lakini likatulia ukitembea, tafuteni feni: mota, rilei, fyuzi au sensa yake. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama. Feni isipozunguka, umepata. Gari likitulia kwenye foleni lakini likachemsha mlimani au kwenye mwendo mkubwa, feni haina kosa. Hapo maji ni machache, au rejeta imeziba, au themostati (mlango wa maji ya kwenda rejeta) haifunguki sawasawa, au gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) imeanza kuvuja.

Ile Noah rejeta yake imeziba nusu. Kwa miaka imekuwa ikiongezwa maji ya kisima, na nyinyi mnayajua maji ya visima vyetu vya Dar, yanavyoacha chumvi kwenye sufuria. Sufuria unaisugua. Mirija ya rejeta utaisugua na nini? Nusu ya rejeta inatosha kubeba joto la foleni. Joto la watu saba wakipanda Kitonga, haitoshi.

Na kuna jambo la pili juu ya mlima ule. Pwani maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji ya chai yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachozuia hilo ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta. Usomeni juu, umeandikwa 0.9 au 1.1. Huo ni mgandamizo unaoushikilia, na ukiushikilia kweli, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Mpira wa mfuniko ukipasuka, mmerudi kwenye sufuria ya chai. Ni kifaa cha bei ndogo, na mkibadilisha, namba iwe ile ile.

Ikichemsha njiani, zima kiyoyozi, fungua madirisha, washa hita mpaka mwisho na feni yake mpaka mwisho. Ndiyo, mtatoka jasho. Hita ni rejeta ndogo, inapunguza joto la injini wakati unatafuta pa kusimama pasipo kona. Hita ikitoa hewa ya baridi wakati joto la injini liko juu, maji yameisha au hayazunguki: usitafute mbele, simama na uzime papo hapo. Fungua boneti. Mfuniko usiguse kwa dakika 45. Msiniambie habari ya kitambaa. Kitambaa hakizuii mvuke, kinauelekeza tu usoni. Wala msimwagie injini maji ya baridi kwa nje, hedi ya aluminiamu inapasuka. Ikipoa, washa, iache ikiwa sailensa (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta), mimina maji kidogo kidogo. Maji yoyote safi yatakufikisha gereji. Gereji, lakini, si Mbeya na kurudi.

Nyumbani, weka kulanti. Ile ya kuchanganya, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa ya kuongezea betri, si asidi. Iliyochanganywa tayari haiongezwi kitu. Tanzania hatuna barafu barabarani, kweli, ila kulanti ndiyo inayozuia kutu na kulainisha sili ya pampu ya maji.

Themostati. Hapa najua nitagombana na baadhi ya mafundi walioko nyuma pale. "Gari zetu za joto hazihitaji themostati, itoe." Jamani. Themostati nyingi zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Chini ya hapo, inafunga njia ya kwenda rejeta ili injini ipate moto haraka. Ukiitoa, injini inatembea baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imeamka, inamwaga mafuta mengi, na oili inakusanya unyevu na kuwa tope. Kwenye Vitz na gari nyingine zisizo na mshale wa joto, mtaiona ile taa ya bluu haizimi hata mfike Kibaha. Zaidi ya hapo, themostati nyingi za Toyota zina kifuniko cha pili cha chini kinachoziba njia ya mkato. Ikitolewa, maji mengi yanapita mkato na kurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Yaani umeitoa ili gari lisichemshe, ukalichemsha.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Sufuria, maji, uzi, kipimajoto. Ining'inize isiguse chini, chemsha. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, na maji yakichemka kabisa iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isipofunguka, itupe. Sufuria hiyo msiirudishe kwenye ugali.

Dalili za gasketi mnazijua: mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, moshi mweupe wenye harufu ya utamu, oili kama chai ya maziwa. Mimi naongeza moja. Asubuhi, kabla hujawasha, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu, umejaa upepo wakati injini imelala baridi, moto wa silinda ulipenya jana. Hiyo si kazi ya nyumbani, lipeleke kwa fundi.

La tatu nitalipitia haraka, muda umekwenda. Taa ya cheki injini. Ikiwaka tu na gari linaenda vizuri, una muda. Ikiwakawaka, ikipepesa macho, punguza mwendo na usimame: kuna silinda inamisi, yaani haiunguzi mafuta yake, na petroli isiyoungua inakwenda kuyeyusha katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi.

Mashine ya kusoma makosa inachomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya dashibodi. Tahadhari: baadhi ya magari ya soko la Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 yana tundu hilo hilo lakini vile vimashine vidogo vya bei rahisi haviyaelewi. Vikikataa, gari si bovu. Na kosa linataja dalili, halitaji kifaa. P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi. Haikusema koili inayoipa plagi umeme, haikusema plagi, haikusema nozeli inayopuliza petroli. Hata hivyo ni magari mangapi yameuziwa koili nne, plagi nne na sensa juu kwa sababu ya P0301 moja?

Fanyeni hivi. Injini imezimwa na imepoa. Spana namba 10, toa koili ya silinda ya 1 na ya 3, zibadilishane nafasi. Futa kosa, washa, endesha dakika kumi, soma tena. Kosa likihamia P0303, koili ni mbovu, kanunue moja. Moja! Likibaki P0301, hamisha plagi kwa njia hiyo hiyo. Ukirudisha plagi, anza kwa vidole mpaka ikae, usianze na spana, maana nyuzi za hedi ya aluminiamu zikiharibika umeingia gharama nyingine. Plagi na koili zikisafishwa hatia, ndipo useme nozeli au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.

Neno la chini ya gari. Waswahili walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema ainame chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Kushikilia ni kazi ya stendi, mbili, kwenye sakafu ngumu, na tairi la spea lililazwe chini ya bodi kama akiba. Eabegi, gesi ya kiyoyozi, na zile waya za rangi ya chungwa kwenye gari za haibridi, waachieni wenye vifaa vyake.

Basi inatosha kukaa. Nje pale kuna gari tatu, boneti ziko wazi na hakuna iliyowashwa tangu jana jioni, kwa hiyo namba mtakazosoma ni za kweli. Moja kati ya hizo ina kichwa cha hasi kichafu. Sikuambieni ni ipi. Mita ziko mezani karibu na mlango. Nendeni wawili wawili, mmoja ufunguo, mmoja mita, na mkirudi mniambie ni gari gani na mmesoma volti ngapi.